Injini Haianzi, Huwaka: Maneno ya Jenereta Ndogo Moshi na Miteremko ya Kilimanjaro

Utangulizi

Mtu anayefasiri kijitabu cha maelekezo ya jenereta ndogo ya petroli kwa kawaida huanza na majina ya vipuri. Hutafuta neno la tangi, la chujio, la kabureta na la plagi, na akishayapata huona kwamba sehemu kubwa ya kazi yake imekwisha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ugumu huanzia hapo hasa. Majina ya vipuri yaliingia katika lugha yetu pamoja na vipuri vyenyewe, wala mafundi hawakugombana nayo. Lakini maneno ya kueleza kasoro, chanzo chake na dawa yake yalitoka jikoni, katika taa, katika maji na katika mwili wa binadamu. Hayo ndiyo yanayoamua kama mtambo utawaka au hautawaka.

Mfano wetu tumeuchukua Moshi na miteremko ya Kilimanjaro. Sehemu hizo zilipata reli, magari na mashine mapema kuliko sehemu nyingi za bara. Zina hospitali, shule na viwanda ambavyo umeme ukikatika haviwezi kungoja. Tena, kutoka mjini Moshi, penye mwinuko wa mita 800 hadi 900, hadi kilele cha mita 5,895, hewa hupungua hatua kwa hatua, na injini huonyesha upungufu huo waziwazi. Kwa hiyo hapa ndipo mahali pazuri pa kutazama jinsi lugha inavyofanya kazi pale mtambo unapokataa.

Maneno yalivyofika

Kabla ya injini, Kiswahili kilikwisha kuwa na akiba ya maneno ya ufundi. Fundi mwenyewe ni neno la Kibantu, lenye shina moja na kufunda na kufundisha. Wareno walituachia bomba na parafujo, na gari tulilipata kutoka Bara Hindi. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, chombo kilichopita juu yake kiliitwa gari la moshi, yaani kwa kile kilichoonekana, na si kwa jina alilolitumia mwenye reli. Ni vyema kukumbuka kwamba Wajerumani, waliotuachia neno shule, hawakutuachia maneno mengi ya mitambo.

Wimbi la maneno ya Kiingereza lilikuja na vita. Majeshi ya Uingereza yalipouteka mji wa Moshi mwezi Machi 1916, yalikuwa na malori. Baada ya vita ikaja motokaa, na pamoja nayo petroli, tairi, breki, spana, nati na hendeli. Wakulima wa kahawa walipounda chama chao mwaka 1925, na baadaye Chama Kikuu cha Ushirika, KNCU, mwaka 1933, mazao yalihitaji usafiri, na usafiri ulihitaji gereji. Katika gereji za wakati huo mafundi wengi walikuwa wa Kihindi na Kisingasinga, na vijana waliowashikia taa walijifunza majina ya vipuri kwa kusikia. Wengine walirudi na ujuzi kutoka Vita Vikuu vya Pili, ambamo askari wa Afrika ya Mashariki walifanya kazi ya udereva na umakanika hadi Burma. Katika miaka ya 1950 Moshi ikapata shule ya ufundi.

Hivyo maneno kabureta, plagi, pistoni, koili na valvu yamepita katika masikio mengi kabla ya kupita katika kalamu. Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, maneno hayo yalikuwa yamekwisha kupata irabu zake, ngeli zake na wingi wake. Katika uwanja huu kazi ya msanifu wa istilahi ilikuwa kuyapokea.

Jenereta ndogo ilienea baadaye. Mji wa Moshi ulikuwa na umeme wa gridi, na bwawa la Nyumba ya Mungu, kusini ya mji, lilianza kuzalisha megawati 8 mwishoni mwa miaka ya 1960. Vijiji vingi vya milimani vilikaa miaka mingi bila waya. Mashine za dizeli za kusaga nafaka ndizo zilizokuwa shule ya kwanza ya injini kwa wanakijiji wengi. Kisha ukaja ukame na mgawo wa umeme: mwaka 1992, 1994, 2006 na 2011. Katika miaka hiyo jenereta ya petroli, inayowashwa kwa kuvuta kamba, ilitoka kuwa chombo cha misheni na hoteli ikawa chombo cha duka, saluni, kanisa, msikiti na zahanati. Aliyeiendesha hakuwa fundi, bali karani, muuguzi au mwenye duka. Hapo ndipo lugha ya gereji ilipolazimika kuwa lugha ya watu wote.

Kuwasha na kuwaka

Kwa Kiingereza injini huanza, kama safari inavyoanza. Kwa Kiswahili injini huwaka. Tunaiwasha, inawaka, inazimika. Ikisumbua tunasema imegoma kuwaka. Msemaji wa kwanza aliyetumia kitenzi hicho aliona kwamba ndani ya chuma kile mna moto, naye alisema kweli. Mfasiri anayeandika "kama injini haianzi" ameandika sentensi isiyo na kosa la sarufi, lakini amemwondoa msomaji katika ujuzi alio nao tayari. Akiandika "kama injini haiwaki", msomaji huanza mwenyewe kuuliza maswali ambayo kila mpishi huyauliza mbele ya jiko lisilowaka: je, kuni zipo? Je, hewa inapita? Je, kiberiti kinatoa cheche?

Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Injini nayo ina mafiga yake matatu: petroli, hewa na cheche. Kwa ukamilifu tungeongeza mgandamizo, yaani nguvu ya pistoni ya kubana mchanganyiko kabla haujawaka. Lakini katika jenereta ndogo isiyo kuukuu sana, mara nyingi kasoro hukaa katika moja ya yale matatu. Fundi mzuri huyafuata kwa zamu. Kwanza hutazama petroli katika tangi na bilula yake. Pili hufungua chujio la hewa kuona kama limejaa vumbi. Tatu hufungua plagi na kuitazama ncha yake. Plagi kavu baada ya kamba kuvutwa mara nyingi huonyesha kwamba petroli haifiki. Plagi iliyolowa huonyesha kwamba petroli inafika lakini haiwaki, ama kwa kukosa cheche, ama kwa kuzidi. Plagi yenye masizi meusi makavu huonyesha kwamba hewa ni kidogo kuliko petroli.

Tazama maneno yaliyotumika: kavu, kulowa, masizi, kuzidi. Hakuna hata moja linalohitaji kamusi ya ufundi. Kadhalika mafundi husema injini inakohoa, inakula oili, imechoka. Gari lina ugonjwa. Wanaoandika kwa usanifu huiita hali hiyo hitilafu, neno zuri lenye asili ya Kiarabu, ambalo kwa kusema kweli linafaa ripoti kuliko matengenezo. Hitilafu hutuambia kwamba kuna kitu hakiko sawa. Kukohoa hutuambia pa kuanzia.

Mafuta na oili

Si kwamba lugha ya kawaida haina mitego. Mtego mkubwa ni neno mafuta. Kwa neno hilo tunataja petroli, dizeli, mafuta ya taa, mafuta ya kulainisha injini na mafuta ya kupikia. Nyumbani muktadha hutosha. Mbele ya jenereta hautoshi.

Jenereta nyingi za mipigo minne zina kifaa kinachokata cheche oili inapopungua, ili injini isijiue. Mtambo wa namna hiyo, hata ukijazwa petroli mpaka shingoni, hautawaka mpaka uongezwe oili. Sasa fikiria kibao kilichofasiriwa hivi: "Hakikisha mafuta yanatosha." Muuguzi wa zamu ya usiku anafungua tangi, anaona petroli imejaa, anaridhika. Anavuta kamba mpaka mkono unamwuma. Jokofu la chanjo, ambalo halina budi kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, linaendelea kupata joto. Ujinga si wa muuguzi. Neno moja lilipewa kazi ya maneno mawili.

Jenereta ndogo za mipigo miwili zina mtego wa upande wa pili, kwa kuwa oili yake huchanganywa ndani ya petroli kwa kipimo. Mtu akiambiwa "weka mafuta" akatia petroli tupu, injini itawaka vizuri kabisa, na baada ya muda itaumia isitengenezeke kwa gharama ya kawaida.

Mafundi walikwisha kutatua jambo hili zamani. Wao husema petroli wakimaanisha petroli, dizeli wakimaanisha dizeli, na oili wakimaanisha ile ya kulainisha. Baadhi ya wahariri hulikwepa neno oili kwa kuliona la kigeni mno, wakaandika "mafuta ya injini". Lakini petroli nayo ni mafuta yanayotumika katika injini, kwa hiyo utata unabaki palepale. Hapa usafi wa lugha umenunuliwa kwa bei kubwa mno.

Kufunga na kufungua choki

Neno la pili la kutazamwa ni choki. Kwanza lina pacha katika shule: choki ya kuandikia ubaoni. Hilo ni jambo dogo. Jambo kubwa ni vitenzi vyake.

Kifaa hiki ni kibati kidogo katika mdomo wa kabureta. Injini ikiwa baridi, kibati huziba njia ya hewa, ili petroli iingie kwa wingi zaidi na kuwaka kwa urahisi. Injini ikishapata joto, kibati lazima kiachie. Sasa mtu akisema "fungua choki", anamaanisha nini? Mmoja husikia: kitumie kifaa, kama mtu afunguavyo redio. Mwingine husikia: kiachie kibati, hewa ipite. Maana hizi mbili zinapingana, na zote zinasemwa. Atakayezisikia kinyume asubuhi ya baridi ya mwezi wa Julai kule Machame au Kibosho atakuta mtambo hauwaki kwa kukosa petroli ya kutosha. Na atakayezisikia kinyume mchana, injini ikiwa na joto, ataijaza petroli mpaka plagi ilowe. Dawa ya kulowa inajulikana: kufunga bilula, kutoa plagi na kuifuta, kuvuta kamba mara chache ili petroli iliyozidi itoke, kungoja ikauke mbali na moto na cheche, kisha kurudisha plagi. Lakini neno lisilo na utata lingeokoa kazi yote hiyo.

Pendekezo letu ni kuacha jina choki kwa kifaa, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka, na kubadili vitenzi. Iandikwe "ziba hewa kwa choki" wakati wa kuwasha injini baridi, na "achia hewa" ikishawaka. Kuziba na kuachia hakuna anayevisikia kinyume.

Mfongo, nduwa na kabureta

Watunga istilahi wa Kiswahili wamezoea kutafuta kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kabla ya kwenda mbali. Ndivyo tulivyopata ngeli kutoka Kihaya. Je, Kichaga kinaweza kutusaidia katika jambo hili?

Wachaga kwa vizazi vingi wamechimba mifereji ya kuteremsha maji kutoka msituni hadi mashambani. Mfereji huo huitwa mfongo, na bwawa dogo la kukusanyia maji njiani huitwa nduwa. Anayeijua mifongo anaijua njia ya petroli katika jenereta ndogo. Tangi liko juu kama chanzo. Petroli hushuka kwa uzito wake yenyewe. Njiani kuna chujio. Chini yake kuna kibakuli cha kabureta, ambacho kama nduwa huweka akiba kidogo na kudhibiti kina chake. Mfongo ukikauka, wazee hawaanzi kuchimba shambani; hupanda hadi kwenye chanzo, wakateremka wakitazama mahali palipoziba. Fundi hufanya vivyo hivyo. Hulegeza mpira chini ya tangi: petroli ikitoka vizuri, kizuizi kiko mbele, isipotoka, kiko nyuma. Na kama maji ya mfongo yanavyoacha tope chini ya nduwa, ndivyo maji na uchafu vinavyotua chini ya kibakuli, kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli.

Hatupendekezi kwamba nduwa iingizwe katika istilahi ya injini, kibakuli kinatosha. Tunachosema ni kwamba mwalimu wa ufundi katika sehemu hizi anayo mifano iliyo tayari, na kijitabu kizuri huacha nafasi ya mifano hiyo.

Hewa nyembamba

Mlima wenyewe umeongeza somo moja. Jenereta iliyorekebishwa kwa usawa wa bahari hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Kwenye lango la Marangu, karibu mita 1,900, na zaidi Horombo, karibu mita 3,700, hewa ni nyembamba, lakini tundu la kabureta linaendelea kupitisha petroli kama lilivyopimwa kule chini. Basi petroli huzidi hewa: injini huwaka kwa shida, hutoa moshi mweusi, hula petroli nyingi na kufanya kazi kidogo. Dawa ni kuweka tundu dogo zaidi, na kulirudisha la zamani mtambo uteremkapo.

Hapa mfasiri asiyeangalia huweza kuanguka vibaya. Waingereza huuita mchanganyiko huo kwa neno lao la utajiri, na kinyume chake kwa neno la ukondefu. Akiandika "mchanganyiko tajiri", msomaji wa Rombo atafurahi akidhani ni jambo jema. Kiswahili tayari kina mzito na mwepesi, kama tunavyosema juu ya uji na chai. Mchanganyiko mzito una petroli nyingi. Mwepesi una hewa nyingi. Hakuna haja ya kutafuta zaidi.

Neno lililotoka katika tangi

Lugha ya petroli haikukaa kimya gerejini. Katika miaka ya 2000 Watanzania wengi walilalamika juu ya petroli na dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo yalikuwa na kodi ndogo. Kitendo hicho kiliitwa kuchakachua. Mwaka 2010 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ilianza kuweka vinasaba katika mafuta ili kuwatambua wadanganyifu, na bajeti ya mwaka 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa faida ya udanganyifu huo. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Wakati wa uchaguzi mkuu wa mwaka 2010 watu walisema juu ya kura kuchakachuliwa, na leo huchakachuliwa vyeti, takwimu na hata hotuba.

Ni mfano mzuri wa kurekodiwa na wanakamusi: kitenzi kilichopata nguvu katika tangi la mafuta kikapanda hadi bungeni. Kwa mwenye jenereta, hata hivyo, kilibaki na maana yake ya kwanza. Mafuta ya taa huvukizika polepole kuliko petroli. Injini baridi yenye mchanganyiko huo haiwaki kwa urahisi, na ikiwaka hukohoa.

Moshi usioonekana

Tumelibakiza la mwisho jambo lililo zito kuliko yote. Vibao vingi vya tahadhari huonya juu ya "moshi wa jenereta". Kwa Kiswahili moshi ni kitu kinachoonekana, kinachonuka na kinachowasha macho. Lakini kinachoua ni gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu aliyeambiwa ajihadhari na moshi hutazama, haoni moshi, naye huingiza jenereta ukumbini au stoo kwa kuogopa mvua au wezi. Usiku wa baridi wa milimani humfanya afunge na madirisha. Aidha, mchanganyiko mzito, ambao tumeona huletwa na mwinuko, huzidisha gesi hiyo.

Watu wa sehemu hizi wanaijua hatari hiyo kwa jina jingine: wanajua kwamba jiko la mkaa halilazwi chumbani. Gesi ni ileile. Kwa hiyo tahadhari isemwe hivi: "Usiwashe jenereta ndani ya nyumba. Hutoa hewa yenye sumu isiyoonekana wala kunuka, kama ya jiko la mkaa." Sentensi hizi ni ndefu kuliko neno moshi, lakini zinasema kile kinachotakiwa kusemwa.

Hitimisho

Februari 2024 mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, uliingizwa katika gridi ya taifa, na mwanga wa jua sasa huwasha taa katika nyumba nyingi za vijijini. Pengine mtu ataona kwamba maneno ya jenereta yanapitwa na wakati. Mambo ni kinyume. Jenereta isiyotumika ndiyo inayogoma zaidi, kwa sababu petroli iliyokaa miezi katika kabureta huacha utando kama gundi na kuziba matundu yake. Siku inapohitajika, aliyeko karibu ni mtu asiyeiwasha kwa mwaka mzima, na msaada wake wa kwanza ni karatasi iliyobandikwa ukutani.

Kwa ajili ya karatasi hiyo tunapendekeza mambo manne. Majina ya vipuri yaachwe kama mafundi wanavyoyatamka. Vitenzi vya kasoro vikusanywe gerejini, katika vyuo vya ufundi stadi na kwenye mashine za kusaga, na kuingizwa katika orodha za istilahi kwa heshima ileile inayopewa nomino. Petroli na oili zisiunganishwe kamwe chini ya jina la mafuta pale uhai wa mtu au wa mtambo unapohusika. Na kila tafsiri ya maelekezo isomwe kwa sauti mbele ya mtu asiye fundi, aliyeshika kamba ya jenereta, kabla ya kupigwa chapa. Mtambo ukiwaka, tafsiri ni sahihi.